Sumaku Mgongoni mwa Bitaisha

Bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, wala si kwa ugonjwa. Ni mfuko. Katika mfuko wa kushoto wa koti lake la bluu, koti la kazi ambalo kampani ya migodi ilimpa wakati mimi bado natambaa, alibeba sumaku zake, na sumaku hizo zilikuwa na uzito wa mtoto aliyeshiba. Alipopita mtaani kwetu, hapa Dilala, misumari ya mabati ililegea. Funguo zilitambaa mezani kumsalimia. Mama mmoja muuza samaki alikuwa akiwaambia wateja kwamba mizani yake inakwenda upande kwa sababu mzee amepita asubuhi. Mizani ile ilikwenda upande hata siku ambazo mzee alilala nyumbani na homa, lakini hilo ni jambo la mama na Mungu wake.

Mtaa ulimwita Tata wa Chuma ya Kuvuta. Mimi nilimwita Tata tu, yaani baba. Kibanda changu cha kutengeneza redio na simu kinatazamana na lango lake, kwa hiyo nimemtazama miaka mingi kuliko nilivyomtazama mke wangu. Watu wote huniletea redio ili zipone. Yeye alikuja kuuliza zilizokufa.

"Iko na spika?"

"Iko, Tata, lakini imekufa."

"Sauti njo imekufa. Chuma yake haikufe."

Akaifungua mwenyewe kwa bisibisi yangu, akatoa ile sumaku ya mviringo iliyo nyuma ya spika, akaipuliza vumbi, akaitia mfukoni, na bega likashuka kidogo tena. Nyumbani kwake aliishona ndani ya kipande cha nguo ya kazi, akaweka ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, na hapo ilikuwa tayari kufungwa kwenye goti la mbwa.

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya uzeeni: kutibu mbwa waliovunjika, kwa sumaku. Na mji wetu una mbwa wengi waliovunjika. Pikipiki za taksi-moto zinawagonga, malori ya madini yanawagonga, mashimo ya mgodi wa Mashamba yanawameza. Ningesema kuna mbwa wa miguu mitatu wengi kuliko wa minne, nanyi mngesema naongeza chumvi, na mngekuwa na haki, lakini si chumvi nyingi.

Kazi yake ya kwanza, ile ya kampani, ndiyo iliyomtia hiyo imani. Kule kiwandani mawe ya shaba yalisafiri juu ya mkanda mrefu wa mpira kwenda kwenye mashine ya kusaga. Juu ya mkanda ilining'inia sumaku kubwa kama kitanda cha watu wawili. Yeye alisema kitanda; mimi nikisimulia husema nyumba. Ilinasa vyuma vilivyopotea kati ya mawe, bolti, minyororo, meno ya mashine za kuchimbia, kwa sababu bolti moja ikifika kwenye kisagio, kisagio kinavunjika na watu wote wanarudi nyumbani. Kazi yake ilikuwa kusimama pale na kuondoa kilichonaswa. Siku moja sumaku ilinasa kijiko. Alikiosha, na mpaka leo hula bukari, ugali wetu, kwa kijiko hicho.

Sasa sikiliza hesabu yake. Alinieleza akiwa amekaa juu ya kreti yangu, mbwa wake amelala miguuni.

"Maumivu iko vile vile," alisema. "Ni bolti yenye kupotea mu mwili. Inatembea na damu pole pole, sawa juu ya mukanda. Ukiiacha ifike ku roho, inavunja roho. Lazima uivute mbele ya kufika."

"Na damu inavutwa na sumaku, Tata?"

"Damu haina chuma ndani? Banganga bote banasema iko na chuma."

Wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni, ufundi wa umeme, nikiwa mwanafunzi mwenye mvi nyingi kuliko mwalimu. Jioni hiyo hiyo nikanyoosha mkono darasani nikauliza kama sumaku inaweza kuvuta damu. Darasa lilicheka mpaka taa zikazimika, ingawa taa zetu hazikuhitaji kicheko ili zizimike. Mwalimu akasema chuma kilicho kwenye damu si kama msumari, kimefungwa ndani kwa namna nyingine, na sumaku ya spika haikitikisi. Kesho yake nikampelekea Tata habari kama mtu anayepeleka barua ya msiba.

Alifikiri. "Mwalimu yako iko na imbwa?"

"Hana, Tata."

"Basi," akasema, akaendelea kushona.

Lakini nisiwadanganye: sumaku peke yake hakuiweka kamwe. Ilikuja pamoja na repo. Wasiokulia katika nyumba za kampani hawajui neno hili lilivyokuwa na uzito. Zamani mfanyakazi akiumia kazini alipewa repo, maana yake alikaa nyumbani kwa amri, na posho yake ya unga ikaendelea kufika kama kawaida. Amri ni amri. Mwenye repo akionekana amebeba hata ndoo ya maji, msimamizi alimfokea mbele ya watoto wake. Tata alichukua sheria hiyo yote kama ilivyo akaiweka juu ya mbwa.

"Imbwa yako iko mu repo," aliwaambia wenye mbwa, huku akifunga ukanda. "Asikimbie. Asilinde. Asiende kuoa. Kamba fupi, kivuli, maji."

"Na chakula, Tata?"

"Posho iko vile vile. Bukari asubui, bukari magaribi, supu ya samaki ndakala juu yake."

"Tata, hata miye mwenyewe sikulake ndakala kila siku."

"Weye, lori ilikugonga?"

Na watu walitii. Hapo ndipo ajabu yenyewe. Mtu ambaye jana alikuwa akimrushia mbwa wake mawe, leo alimbebea sahani kivulini, kwa sababu mbwa sasa alikuwa na kitu cha kazi kimefungwa mguuni, na mzee wa koti la bluu angepita kukagua. Alipita kila siku. Akikuta kamba imerefushwa, alisimama langoni akauliza kwa sauti ya mtaa mzima: "Nani aliandika huyu arudie kazi?" Na siku mbwa aliposimama mwenyewe, akaja mpaka langoni kumbwekea, Tata alifungua ukanda, akairudisha sumaku mfukoni, akasema: "Kazi imeanza." Wenye nyumba wakapiga makofi. Nimeona mama akilia kwa hilo, mama mwenye ulimi wa kukata mabati.

Kuna mtu alitoka Kasaji kwa treni na mbwa ndani ya kikapu cha makaa. Nikisimulia kwenye harusi, maana mimi ndiye mshereheshaji wa nusu ya harusi za mji huu, husema mbwa huyo alipopona alirudi Kasaji kwa miguu akaipita treni njiani, akawa anamsubiri mwenyewe kituoni. Ukweli ni kwamba alirudi kwenye kikapu kile kile, akichungulia, na mguu mmoja wa nyuma haukugusa tena ardhi. Lakini alitembea. Kwa mitatu, ila alitembea.

Kuna vijana wachimbaji wa Mashamba pia. Walikuja kundi zima, wekundu wa vumbi kuanzia kope mpaka kucha, mbwa wao wamemfunga ndani ya gunia. Alikuwa ametumbukia katika shimo. Vijana hao hushuka chini ya ardhi kwa kamba bila kufumba jicho, na siku hiyo mkubwa wao alikuwa anafuta kamasi kwa kiganja.

"Imbwa ya nani?" Tata akauliza.

"Ya siye bote, Tata."

"Nani anamupatiaka chakula?"

Wakatazamana. "Siye bote."

"Kitu ya batu bote inakufaka njala. Muchague mumoja."

Wakaanza kubishana. Mmoja akasema achaguliwe mwenzake kwa kuwa hana mke, mwingine akajibu kwamba huyo hata yeye mwenyewe hajui kujilisha, mbwa atakuwa anamlisha yeye. Mwishowe mbwa akabaki uani kwa Tata mpaka akapona. Na yule mkubwa wao, kabla ya kuondoka, akavua shati akaonyesha bega lililovimba.

"Na miye, Tata. Niwekee moya."

"Hapana. Miye si munganga ya batu."

"Juu ya nini? Imbwa unaweka."

"Weye uko na kinywa. Wende ku hospitali, useme inauma wapi. Imbwa atamwambia nani?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mgongo wake mwenyewe ulikuwa umekwisha kwa kuinamia ule mkanda, na kwa mgongo huo hakuweka hata sumaku moja. Alimeza vidonge vya duka la dawa kama sisi sote. Mkewe, mama mpole mwenye vicheko vya ghafla, alilalamika kwamba visu vyake vyote vya jikoni vinapatikana vimeganda kwenye koti. "Imbwa za batu banalala na chuma," aliniambia, "bwana yangu analala na kilio. Nikimuuliza, anasema iko na kinywa, atasema kesho."

Tena, mtu huyu aliyeamka kabla ya jua kwa ajili ya mbwa wa watu hakuwahi kumpapasa mbwa hata mmoja. Hakuwaita kwa majina mazuri mazuri. Aliwasemesha Kifaransa, kile cha amri cha wakubwa wa zamani: "Asi. Kushe." Yaani kaa, lala. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ukimsemesha mbwa kwa lugha ya nyumbani atadhani mmekuwa ndugu, na siku ya bolti kupita utashindwa kusimama.

Bolti ilipita mara nyingi. Mbwa wengine hawakupona. Alisema tu, "Ilikuwa imepita," akafungua ukanda, akachimba mwenyewe, na siku hiyo hakula. Mkewe alifunika sahani, akaifunua, akaifunika. Sisi wa kibandani tulizima redio, bila kuambiana.

Sasa Bitaisha. Huyo alikuwa mbwa wake mwenyewe, jike la manjano lenye sikio moja zima na jingine la kubuni. Jina lake maana yake vitaisha, na kwetu mbwa hupewa jina ili majirani wasikie, na jirani mmoja aliyekuwa na ugomvi wa ukuta alikuja kuuliza, kwa adabu yenye meno, ni nini hasa kitakachoisha.

"Ni jina ya imbwa," Tata akamjibu. "Mwenye kujisikia, ajisikie."

Bitaisha alilinda ua, alimsindikiza mzee kwenye ukaguzi wake, alikaa nje ya lango la kila mgonjwa, akangoja. Mbwa wagonjwa walimtazama kama sisi tulivyomtazama karani wa mishahara. Hakuwahi kufungwa sumaku. Hakuwahi kuumwa. Nilikuwa nikisema amemeza moja akiwa mtoto, inamkinga kwa ndani.

Mwaka huu, mwisho wa kiangazi, vumbi likiwa nene kiasi kwamba malori yanawasha taa mchana, lori lilimgonga Bitaisha kwenye barabara kubwa. Tata alikuwa amekwisha kuvuka. Mbwa alikuwa nyuma yake hatua chache, kama siku zote. Lori halikusimama. Pengine dereva hakujua.

Mimi nilikuwa nimekwenda kusherehesha harusi nje ya mji. Niliporudi nilivuka njia moja kwa moja, sauti yangu bado imekauka kwa kupiga kelele. Kitu cha kwanza nilichokiona ni koti la bluu, limetundikwa msumarini, mfuko wa kushoto mtupu. Cha pili ni mzee bila koti, amekaa chini kabisa, kwenye udongo, na mabega yake yote mawili yako sawa. Sumaku zote alizonazo duniani zilikuwa mgongoni mwa Bitaisha, zimepangwa kuanzia shingoni mpaka mkiani.

Mbwa aliniona. Mbele akanisalimia, miguu ya mbele, kichwa, lile sikio. Nyuma hakuna kilichojibu. Mkia ulilala kama kamba ya mtu mwingine.

"Yambo, Tata."

"Angalia," akasema. Akambana kidole cha mguu wa nyuma, kwa nguvu, kwa kucha. Bitaisha aliendelea kunitazama mimi. "Hasikie. Imbwa mwenye maumivu, ninajua kufanya. Huyu hana hata maumivu. Nivute nini?"

Mkewe alikuwa mlangoni na sahani mkononi. Hakuwa anaifunika wala kuifunua.

Mama mmoja munganga, daktari wa wanyama, akafika kwa pikipiki. Tulimjua, ndiye anayechoma sindano mbuzi na mbwa wa upande huu, naye baba yake alikuwa mtu wa kampani. Alikuja na sanduku lake, akaliweka mbali kidogo, akachuchumaa. Alipitisha mikono chini ya sumaku, polepole, bila kuzisukuma, kama mtu anayepapasa chini ya shuka ya mgonjwa. Kisha akabaki amechuchumaa.

"Mugongo, Tata."

"Ninajua ni mugongo. Ndiyo njo nimeweka yote."

"Tata, nitakuambia yenye niliona. Niliona zenye kupona na chuma yako. Niliona zenye kupona bila chuma. Ya mugongo yenye kuvunjika hivi, sijaona hata moya."

Tata alinigeukia mimi, na hapo nikatamani niwe bado kwenye ile harusi.

"Weye njo ulisomea mambo ya chuma," akasema. "Sema. Nikitafuta ingine, kubwa, ya kule ku mukanda. Ataamuka?"

Mimi naweza kusimama mbele ya watu mia tano na kumsifu bwana harusi ambaye nimemjua tangu saa nne asubuhi. Naweza kumpa kijiji, tabia njema na ushujaa wa utotoni. Nilitafuta uongo mmoja tu, mdogo, wa kumpa mzee huyu, na kichwani kulikuwa kweupe kama ubao uliofutwa. Bitaisha alikuwa ananitazama pia.

"Hapana, Tata," nikasema. "Hataamuka."

"Na ya Kasaji?"

"Ya Kasaji ilikuwa na repo, Tata."

"Na ya batoto ya Mashamba?"

"Ilikula kwako, ililala kwako. Ulimupa repo."

"Na chuma haikufanya kitu?"

Kama ilifanya kitu, sikujua. Kama haikufanya, si mimi wa kumwambia mbele ya mbwa wake. "Siyui, Tata," nikasema, na huo ndio ukweli wa masomo yangu yote ya jioni.

Tata akasema, kama mtu aliyepata njia: "Basi naye nimupe repo."

Mama munganga aliangalia chini. "Repo ni ya mwenye kurudia kazi, Tata," akasema. "Weye unajua."

Alijua. Nilimwona akijua. Ilianzia usoni, ikashuka mpaka mikononi, na mikono ikaanza kufungua kanda, moja moja, kuanzia shingoni. Kila sumaku aliyoitoa alinipa mimi, na kila niliyopokea iliirukia nyingine, mpaka nikawa nimeshika bonge moja la chuma ambalo sikuweza kulitenganisha na wala sikujua niliweke wapi.

"Basi ni retrete," akasema, yaani kustaafu. "Amefikisha."

"Ndiyo, Tata. Ni retrete."

"Siye walipotutoa ku kampani, hakuna mutu alikuja kusema kitu. Walifunga lango tu." Alikuwa anaongea na mbwa sasa, na haikuwa Kifaransa. Yalikuwa maneno ya kwao, Kasai, yale aliyosema na mkewe peke yake, na mimi sikuyaelewa. Akaushika mguu wa mbele, ule unaosikia, akautikisa mara moja, kama wakubwa wanavyompa mkono mfanyakazi. Bitaisha akamlamba kifundo cha mkono. Mama munganga akafungua sanduku lake.

"Weye unasemaka ku bandoa," Tata akaniambia, bila kunitazama. "Musemee huyu."

"Nimusemee Kifaransa, Tata?"

"Hapana. Sawa mutu."

Nikasimama na lile bonge la chuma kifuani. Nilikohoa kama ninavyokohoa mbele ya kipaza sauti. Mkewe akaweka sahani chini, akavuka ua, akasimama karibu na mumewe. Nikasema:

"Bitaisha. Ulifanya kazi."

Nikatafuta kinachofuata. Hakikuja. Mama munganga alikuwa ananingoja, na sindano ya mwisho aliificha nyuma ya kiganja ili mbwa asiione.

"Ongeza aksanti," Tata akasema. "Siye hatukuambiwa."

Nikaongeza.